Vitofali Bila Kijitabu



Katika nyumba nyingi za zama zetu hizi hapakosekani mfuko au ndoo iliyojaa vitofali vya plastiki vya kuchezea watoto: vyekundu, vya manjano, vya buluu na vyeupe, vyenye vinundu juu na uwazi chini. Aghalabu vitu hivyo huingia nyumbani kwa njia moja katika tatu. Ama mjomba au shangazi aliye ng'ambo amewaletea watoto zawadi. Ama baba amevipata katika fungu la mitumba sokoni. Ama jirani ambaye wanawe wamekwisha kukua ameona afadhali avitoe kuliko kuvitupa. Lakini vinapofika, mara nyingi hufika bila sanduku lake, wala bila kile kijitabu kinachoonyesha namna ya kuvijenga.

Mtoto huona magurudumu mawili, kipande cha bawa na kioo kidogo cha mbele, akafahamu kwamba hapo palikuwa na gari au ndege, ila hajui aanzie wapi. Atajaribu siku mbili tatu, kisha atachoka. Wazazi nao huona kuwa mchezo ule umekwisha thamani yake, na mfuko huishia uvunguni mwa kitanda, au jaani.

Twasema kuwa haraka hiyo si njema. Kupotea kwa karatasi si kupotea kwa kitu chenyewe. Maelezo ya kujengea seti nyingi mno za vitofali hivi yamehifadhiwa katika intaneti, na sehemu kubwa yake hupatikana bila ya malipo. Tumeona yafaa tueleze namna ya kuyatafuta, kwani jambo hili, ijapokuwa laonekana dogo, lina faida kubwa ndani yake. Mtoto asiye na maelezo hungoja mkubwa amjengee. Na mtoto mwenye maelezo hujenga kwa mikono yake mwenyewe, akamaliza alichokianza.

ASILI YA VITOFALI HIVI

Yapasa kwanza tujue vitu hivi vimetoka wapi, kwani atafutaye kitu bila ya kujua asili yake hutafuta gizani. Billund ni mji mdogo katika nchi ya Denmark, kaskazini ya Ulaya. Mwaka 1916 seremala mmoja, jina lake Ole Kirk Christiansen, alinunua karakana pale, akawa akijenga nyumba na kutengeneza samani. Miaka ya mwanzo ya 1930, uchumi wa dunia ulipoanguka, kazi za ujenzi zilipungua, naye mwaka 1932 akaanza kuchonga vitu vya mbao vya kuchezea watoto. Kiwanda chake akakipa jina la LEGO, lililofupishwa kutoka maneno mawili ya lugha ya kwao, leg godt, maana yake "cheza vizuri".

Baada ya Vita Kuu ya Pili kiwanda kilipata mashine ya kusubu plastiki, na mwaka 1949 kikatoa vitofali vyake vya kwanza, kwa kufuata mfano wa vitofali vya Mwingereza Hilary Fisher Page, mwenye kampuni ya Kiddicraft. Vitofali vile vya awali vilikuwa vitupu kwa ndani. Vilishikana, lakini kwa ulegevu. Mtoto akiinua nyumba yake, humbomokea mikononi.

Dawa ya ila hiyo ilipatikana baada ya miaka tisa. Tarehe 28 Januari 1958, Godtfred, mwana wa yule seremala, aliandikisha mjini Copenhagen hati ya kulinda uvumbuzi wa kitofali chenye mirija ndani yake. Vinundu vya kitofali cha chini hubanwa baina ya mirija hiyo na kuta za kitofali cha juu, basi vikisha kushikana haviachani ila kwa kuvutwa. Baba yake alifariki mwaka uo huo. Mwaka 1960 ghala ya vitu vya mbao iliungua moto, na tangu hapo kiwanda kikaacha mbao kikashika plastiki.

Jambo la kutia maanani katika khabari hii ni vipimo. Kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi katikati ya kinundu cha pili ni milimita 8. Kimo cha kitofali cha kawaida, pasipo kinundu chake, ni milimita 9.6, na kimo cha kile chembamba, tutakachokiita bamba, ni milimita 3.2, hata mabamba matatu yakipangwa hulingana sawa na kitofali kimoja. Vipimo hivi havikubadilika tangu mwaka 1958. Kitofali kilichosubiwa mwaka ule hushikana na kile kilichotoka kiwandani mwaka huu. Kwa hiyo mfuko wa vitofali uliokaa uvunguni miaka thelathini haujapitwa na wakati, na kijitabu chake cha zamani, kikipatikana, chafaa leo kama kilivyofaa siku ya kwanza.

KWA NINI MAELEZO YAHITAJIKE

Huenda msomaji akauliza: Je, si bora mtoto aachwe ajenge apendavyo? Ya nini kumfunga kwa karatasi?

Swali hili lina haki ndani yake, nasi tutalirudia mwishoni. Lakini kwanza tutazame hisabati. Chukua vitofali viwili vilivyo sawasawa, kila kimoja kikiwa na vinundu vinane katika safu mbili za vinne. Viwili hivyo vyaweza kuunganishwa kwa njia 24. Ongeza cha tatu, na njia zitakuwa 1,060. Vikifika sita, vyote vya rangi moja, njia huwa 915,103,765, kwa hesabu iliyofanywa na mtaalamu wa hisabati Søren Eilers wa Chuo Kikuu cha Copenhagen. Hivyo ni vitofali sita tu! Seti ya kawaida ina mamia ya vipande, tena vya sura mbalimbali. Mtoto anayetaka kuirudisha ndege iliyokuwamo sandukuni kwa kubahatisha ni sawa na mtu atafutaye mlango mmoja katika mji wenye milango isiyohesabika.

Kiwanda chenyewe kilifahamu haja hiyo. Tangu mwaka 1964 seti zikaanza kuuzwa pamoja na maelezo ya kujengea. Na ubora wa maelezo hayo ni kwamba hayana maneno. Ni picha tupu, hatua baada ya hatua. Katika pembe ya picha huwa pana kisanduku kinachoonyesha vipande vinavyohitajika kwa hatua ile na idadi yake. Kisha picha kubwa huonyesha vinapowekwa. Mtoto wa Billund na mtoto wa Tanga huyasoma kwa macho yale yale, wala hapana anayehitaji mfasiri.

NAMBA NDIYO UFUNGUO

Sasa tuje katika kutafuta. Kila seti ina namba yake. Namba hiyo huandikwa juu ya sanduku na juu ya jalada la kijitabu. Seti za zamani zilikuwa na namba za tarakimu tatu au nne. Nyingi za siku hizi zina tarakimu tano. Ukiwa na namba, umeshika ufunguo, na kazi iliyobaki ni nyepesi.

Ingia kwanza katika tovuti ya kiwanda chenyewe, lego.com, utafute mahali pa maelezo ya kujengea. Hapo patakuwa na kisanduku cha kutafutia. Andika namba, nayo seti itatokea na picha yake. Ilinganishe picha hiyo na vipande ulivyo navyo, ili uhakikishe kuwa ndiyo. Kisha upakue kijitabu. Seti kubwa huwa na vijitabu viwili, vitatu, au zaidi, basi usichukue cha kwanza ukadhani umemaliza. Huduma hii ni bure. Nyaraka zilizomo humo ni za seti nyingi zilizotoka tangu katikati ya miaka ya 1990 hata leo. Kiwanda kina pia programu ya simu iitwayo LEGO Builder, ambayo kwa baadhi ya seti huonyesha jengo kwa namna ya kulizungusha kwa kidole, hata mtoto akaona upande wa nyuma usioonekana katika karatasi.

Faili hizi huweza kuwa nzito. Mwenye kutumia bando la simu afadhali apakue mara moja, mahali penye mtandao wa bure au wa rahisi, akalihifadhi faili katika simu yake. Kisha mtoto ajenge siku yoyote bila ya kuhitaji intaneti tena.

IKIWA NAMBA HAIJULIKANI

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo pasipostahili kukata tamaa. Mfuko usio na sanduku wala karatasi bado una namba ndani yake. Geuza kitofali, ukitazame kwa ndani mahali penye mwanga wa kutosha. Juu ya vipande vingi, ila vile vidogo mno, utaona tarakimu nyembamba zilizotoka katika kalibu. Kile kitofali chenye vinundu vinane tulichokitaja, mathalan, ni namba 3001. Na chenye vinundu vinne katika mraba ni 3003. Namba hizi ni za umbo la kipande, si za seti. Walakini kwa hizo utaifikia seti, kwa njia tutakayoieleza.

Usianze na vitofali vya kawaida, kwani 3001 imo katika seti nyingi zisizo na idadi. Tafuta kipande cha ajabu: bawa la sura isiyo ya kawaida, kioo cha ndege, bamba lililochapwa maandishi au alama, au kile kimtu kidogo chenye mavazi ya namna yake. Kisha ingia katika tovuti ya Rebrickable au ya BrickLink, uandike namba ya kipande hicho na kuchagua rangi yake. Utapewa orodha ya seti zote zinazojulikana kuwa na kipande kile. Kipande kikiwa cha nadra, huenda seti zikawa mbili au tatu tu. Chukua kipande cha ajabu cha pili, ufanye vivyo hivyo. Seti itakayotokea katika orodha zote mbili ndiyo ya kuitilia nguvu. Ukisha kujua jina lake na namba yake, rudi katika njia ya kwanza.

Yafaa pia kujua kwamba katika miaka ya 2003 na 2004 kiwanda kilibadili rangi yake ya kijivu na ya kahawia. Kijivu cha zamani chaelekea umanjano kidogo. Cha sasa chaelekea ubuluu. Basi ukikuta vijivu vya aina mbili katika mfuko mmoja, fahamu kuwa huenda zimechanganyika seti za nyakati mbili.

Na vipi vitofali vya viwanda vingine, ambavyo masoko yetu yamejaa? Alama ni rahisi. Juu ya kinundu cha kitofali cha LEGO pameandikwa jina hilo kwa herufi ndogo. Kisipokuwa nalo, kimetoka kwa mwengine. Si lazima kiwe cha kughushi kwa sababu hiyo tu. Hati za mwanzo za kulinda uvumbuzi zilikwisha muda wake zamani, na mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataa kulifanya umbo la kitofali kuwa alama ya biashara ya kampuni moja. Kwa vitofali hivyo, tafuta jina la kiwanda chake na namba ya seti, uanze na tovuti ya kiwanda kile.

WALIOTUNZA DAFTARI

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila khabari. Msomaji atajiuliza ni nani aliyekaa akaandika kwamba kipande fulani cha rangi fulani kimo katika seti fulani ya miaka ishirini iliyopita. Si kiwanda peke yake. Sehemu kubwa ya daftari hili imeandikwa na watu wa kawaida, waliofungua seti zao wakahesabu vipande kimoja kimoja, wakapiga picha kurasa za vijitabu vyao, wakaviweka mahali ambapo wengine wataviona.

Mwaka 1995 kijana mmoja wa Australia, James Jessiman, alitunga programu ya kompyuta iitwayo LDraw, pamoja na maktaba ya vipande vilivyochorwa kwa hesabu, ili mtu aweze kujenga juu ya kioo cha kompyuta na kuwaonyesha wengine hatua za jengo lake. Alifariki mwaka 1997, angali kijana. Kazi yake haikufa naye. Watu wa nchi mbalimbali waliichukua, wakaendelea kuchora vipande vipya kila vinapotoka, na mpaka leo maktaba ile yatumika. Mwaka uo huo wa 1997 ilianza Uingereza orodha ya Brickset, ambamo seti huandikwa kwa namba, kwa jina na kwa mwaka wake. Mwaka 2000 ikaanza BrickLink, soko la vitofali vilivyotumika na vipya, ambalo kwa haja ya kuuza na kununua lilimlazimisha kila mtu kuviita vipande kwa jina moja na namba moja; na mwaka 2019 kampuni ya LEGO yenyewe ililinunua.

Na hiyo Rebrickable tuliyoitaja ina faida nyingine. Ukiandika seti ulizo nazo, yenyewe hukuambia ni majengo gani mengine yanayoweza kujengwa kwa vipande vile vile. Baadhi ya maelezo yake ni bure, na baadhi huuzwa na wale walioyabuni. Nyumba yenye seti moja tu, basi, huweza kujenga gari leo na mashua kesho, bila ya kununua kipande hata kimoja.

KIJANA ASIYEONA

Mwenye kutaka kujua maelezo yana thamani gani, na aisikie khabari ya Matthew Shifrin, wa pande za Boston huko Marekani. Kijana huyu ni kipofu. Alipokuwa mtoto alivipenda vitofali sana, kwani ni vitu vya kushikika. Vidole vyake vilivijua vizuri kuliko macho ya wengi. Lakini vijitabu ni picha tupu. Ule usio wa maneno, tuliousifu hapo juu kuwa waondoa haja ya mfasiri, kwake yeye ulikuwa ukuta. Ilimbidi mwenye macho akae karibu naye amwambie kila hatua, na mtu huyo akiondoka, jengo hubaki lilipo.

Siku alipotimiza miaka 13, rafiki wa familia yao, bibi Lilya Finkel, alimletea sanduku la vitofali na jalada nene la karatasi. Katika sanduku ilikuwamo seti ya ngome ya Alamut, yenye vipande zaidi ya mia nane. Katika jalada yalikuwamo maelezo yake yote, yameandikwa kwa nukta nundu, yale maandishi ya vipofu ya kusomwa kwa vidole. Bibi huyo alikuwa ametazama picha moja moja, akakipa kila kipande jina la kukitambulisha, kisha akaeleza kwa maneno ni kipi kinawekwa wapi, na juu ya kipi. Kwa mara ya kwanza kijana yule akaijenga seti kubwa mwanzo hadi mwisho, bila ya mtu kumwongoza.

Wala hawakukomea hapo. Waliendelea kuandika maelezo ya seti nyingine, yakawekwa katika intaneti ili vipofu wengine wayapate. Bibi Finkel alifariki mwaka 2017. Kijana akaona kazi ile isifie hapo, akawaendea wenye kiwanda. Na mwaka 2019 LEGO wakaanza kutoa, kwa baadhi ya seti zao, maelezo ya sauti na ya nukta nundu, bila ya malipo. Shifrin naye aliasisi jumuiya iitwayo Bricks for the Blind, ambayo huandika maelezo ya maneno kwa ajili ya wasioona.

Yatupasa tuizingatie khabari hii. Bibi yule angeweza kukaa na kijana jioni ile akamjengea ngome, na kazi ingekwisha kwa saa chache. Yeye alichagua njia ndefu zaidi: akamwandikia. Aliyemjengea mwenziwe humpa nyumba moja. Aliyemwandikia maelezo humpa uwezo wa kujenga asipokuwapo yeye. Na ndivyo ilivyokuwa.

MAMBO YA KUANGALIWA

Tumalizie upande wa kazi kwa nasaha chache, maana njia hii haikosi miiba.

Kwanza, kabla ya kuanza kujenga, hesabuni vipande. Mwishoni mwa vijitabu vingi vya miaka ya karibuni pana orodha ya vipande vyote na idadi yake. Vipangeni kwa maumbo kuliko kwa rangi, kwani jicho huiona rangi upesi katika fungu, lakini kulipata umbo dogo katika rundo la rangi moja ni tabu. Kikikosekana kitofali cha vinundu vinane, viwili vya vinundu vinne vyaweza kushika mahali pake, lakini tazameni wapi pa kuvitia, kwani pengine kile kirefu kiliwekwa ili kufunga kuta mbili pamoja. Vipande vya kununua kimoja kimoja huuzwa na kiwanda na katika BrickLink. Ila mnunuzi ahakikishe kwanza kama hupelekwa nchini kwake, na gharama ya kuvileta ni kiasi gani.

Pili, mwenye kuchapa kurasa katika karatasi achape kwa rangi ikiwezekana, maana katika kuchapa kwa weusi peke yake, kijivu, kahawia na nyekundu hufanana. Tena achape kwa ukubwa wa asili. Katika seti zenye vijiti na mihimili, picha ya kijiti huchorwa kwa urefu wake wenyewe, ili mtoto akiweke juu ya karatasi na kulinganisha. Ukurasa ukipunguzwa, kipimo chamdanganya. Pakiwa na tarakimu kando ya kijiti, hiyo ni urefu wake kwa hesabu ya vinundu, nayo haidanganyi.

Tatu, mjihadhari na tovuti zinazodai fedha, jina la mtoto au namba ya simu kwa ajili ya kijitabu ambacho kiwanda hukitoa bure. Anayeuza maelezo ya jengo alilolibuni mwenyewe ana haki ya jasho lake; lakini anayeuza karatasi ya bure hamfai mtu. Na vivyo hivyo kwa upande wetu: kupakua kijitabu kwa matumizi ya nyumbani ni jambo moja, na kukichapa ukakiuza sokoni ni jambo jingine. Utafutaji nao ufanywe na mzazi pamoja na mtoto, si mtoto peke yake na simu.

Nne, vipande hivi ni vidogo. Nyumba yenye mtoto aliye chini ya miaka mitatu ivijenge juu ya meza, na kuvikusanya vyote kabla ya kuondoka, maana mtoto wa umri huo hujua kitu kwa kukitia kinywani.

BAADA YA KARATASI

Sasa turudi katika lile swali: Je, karatasi hazimfungi mtoto?

Zingemfunga kama tungekomea hapo. Lakini tutazame mafunzo ya chuoni. Mtoto hapewi kalamu siku ya kwanza akaambiwa atunge. Huandikiwa herufi ubaoni, naye akapitisha mkono juu ya wino wa mwalimu, mara kwa mara, hata mkono ukajua njia. Kisha huandika mwenyewe chini ya mstari wa mwalimu. Kisha huandika pasipo na mstari. Hakuna aliyesema kwamba kufuata kule kulimfanya asiweze kuandika barua yake ukubwani. Kinyume chake, asiyefuata ndiye aliyebaki na mwandiko usiosomeka.

Na vitofali ni vivyo hivyo. Mtoto aliyefuata kijitabu mpaka mwisho amejifunza mambo ambayo hakuna aliyemhutubia: kwamba ukuta wa vitofali vilivyopangwa kimoja juu ya kimoja, maungio yakiwa mstari mmoja, huanguka, na uliopishanishwa husimama, kwamba kilicho ndani na hakionekani ndicho kinachobeba kinachoonekana, na kwamba kosa la hatua ya tano huja kujulikana katika hatua ya ishirini, na dawa yake ni kubomoa kwa subira na kurudi nyuma. Baada ya hayo na aivunje seti yake, ajenge apendavyo. Atajenga vizuri zaidi, maana sasa ana ujuzi wa kuchezea.

Tena nawapendekezea wazazi jambo moja la kupima ujuzi huo. Mtoto akisha kubuni jengo lake mwenyewe, mwambieni alichoree maelezo: hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata mwisho. Akiwa na kompyuta, ipo programu ya bure iitwayo Studio, ya hao BrickLink, inayoweza kumtengenezea kurasa. Asipokuwa nayo, penseli na daftari vyatosha. Kisha jengo livunjwe, na karatasi apewe nduguye mdogo alijenge bila ya kuuliza neno. Likisimama, basi mtoto amekwisha kutoka katika daraja la wanaoandikiwa, ameingia katika daraja la wanaoandika.

Na kwa leo, wasomaji wetu, tuanze na lililo jepesi. Utoeni ule mfuko uvunguni, mketi na watoto penye mwanga, mtafute kipande kimoja cha ajabu na kuisoma namba yake. Seti ikisha kujulikana, chukueni kalamu yenye wino usiofutika, mwandike namba ya seti juu ya mfuko. Siku mfuko huo utakapokwenda kwa watoto wa jirani, wao hawatakuwa na haja ya kutafuta.